Dakika Tatu za Siti binti Saad

Kwanza hulia mkwaruzo. Sindano ya chuma inapoteremka juu ya santuri ya zamani, kabla ya udi, kabla ya fidla, kabla ya binadamu yeyote, husikika vumbi: miaka karibu mia inasagwa polepole. Niliusikia mkwaruzo huo katika duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, Unguja. Mwenye duka aliiweka santuri kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, si kwa ajili yangu, bali kwa kuwavuta watalii waliokuwa wakipita kichochoroni. Katikati ya sahani palikuwa na karatasi ya duara iliyopauka, na juu yake yule mbwa anayetega sikio mbele ya pembe ya gramafoni, alama ya kampuni ya His Master's Voice. Chini ya mbwa, kwa herufi ndogo, jina la mwanamke wa kijiji cha Fumba. Mara sauti ikaja, nyembamba na ya juu, inayopita puani kidogo kabla ya kufunguka, sauti isiyomwomba mtu radhi. Watalii walitabasamu, wakapiga picha ya pembe, wakaenda zao. Dakika tatu na ushei zikapita, wimbo ukakatika, na mkwaruzo ukabaki peke yake unazunguka.

Santuri za enzi zile hazikuwa za plastiki. Zilitokana na utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti huko India. Utomvu huo uliyeyushwa, ukachanganywa na unga wa mawe, ukakandamizwa kwa joto hadi ukawa sahani nyeusi, nzito, isiyosamehe ikianguka. Ilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba dakika tatu hivi, basi. Nimekuwa nikiufikiria ukomo huo kuliko ninavyoufikiria wimbo wenyewe, kwa sababu taarabu haikuzaliwa na haraka. Ubeti hurudiwa kwa kuwa kuna mtu pembeni umemchoma na anataka usemwe tena. Fidla hujibu. Mtu huinuka kutunza. Mwimbaji akiona watu wamekolea, huongeza. Akiona wamepoa, hugeuza. Wimbo mmoja uliweza kula sehemu nzima ya usiku na mtu asipige mwayo. Mwaka 1928, huko Bombay, mwanamke aliyezoea kuimba hadi majogoo alilazimika kujifunza kuimba kwa dakika tatu. Kile tunachokiita leo sauti ya Siti binti Saad ni masalio ya usiku uliokatwa.

Tena Bombay haikuwa mbali kama inavyoonekana leo. Unguja ya wakati ule ilihesabu fedha yake kwa rupia, na iliendelea hivyo hadi shilingi ilipoingia mwaka 1936. Nguo, mchele, hata milango ya nakshi ilikuwa na nasaba yake upande ule wa bahari. Siti alikwenda na wenzake wa kikundi, kina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku Talsam na Maalimu Shaabani, na santuri walizorekodi ziliporudi pwani zilinunuliwa kwa hamu ambayo kampuni yenyewe haikuitazamia. Kampuni nyingine zikakimbilia soko hilo hilo. Toka hapo sifa ikamganda: mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutoa santuri. Ndivyo anavyotajwa shuleni, ndivyo anavyotajwa redioni kila ifikapo siku ya wanawake, na kwa kawaida sentensi huishia hapo.

Mimi sina ugomvi na ukwanza wake. Ninachokataa ni kuufanya ndio mwili mzima wa kazi yake. Wa kwanza hupatikana hata kwa bahati. Mashine ilikuwa ikitafuta sauti, na mtu mmoja angetangulia tu. Alichofanya Siti kabla ya mashine, na ambacho mashine haikuwa na nafasi ya kukibeba, ndicho kikubwa.

Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi, akaitwa Mtumwa. Jina hilo halikuwa fumbo. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, maana yake msichana huyu alikuwa amekaribia utu uzima serikali ilipokubali kwa maandishi kwamba watu wa aina yake si mali. Siti ni jina alilopewa baadaye, mjini, sifa zilipoanza kuenea. Waandishi wanaomwadhimisha hupenda kusema kwamba aliifinyanga sauti yake kama wazazi wake walivyofinyanga udongo. Tamathali hiyo ni nyepesi mno, naomba tuipumzishe. Kinachonishughulisha mimi si ufinyanzi, ni uchuuzi. Vyungu havijiuzi. Lazima mtu avibebe kichwani, apite njia za shamba, anadi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini wahenga hao nadhani hawakuwahi kubeba chungu kutoka Fumba. Chungu chema nacho hujitembeza, tena kwa miguu ya mtu maskini, na mwenye kukinadi hujifunza mambo ambayo mwalimu wa muziki hafundishi: sauti ipande kiasi gani ivuke uwanja na kufika jikoni, pumzi ikatwe wapi, neno lipi limfanye mwenye nyumba atoe kichwa mlangoni. Anajifunza pia kwamba msikilizaji hana deni naye. Akichoka, anarudi ndani.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Bila kusoma shule, alipata mwalimu, Ali Muhsin, aliyemfundisha kuimba na kumkutanisha na wapigaji wa mjini. Mji huo ulikuwa na muziki wake tayari, na ulikuwa na mlango wake. Taarabu ilikuwa imeingia kwa njia ya ikulu: Sultani Barghash alimpeleka mtu Misri akajifunze ala, naye aliporudi aliwafundisha wengine. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, klabu ambayo hadi leo ingali hai. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na adabu ya kuzisikiliza ilikuwa ya watu wenye sebule. Mshika dufu angeweza kuwa mtu wa chini, mpika kahawa pia, lakini maneno yaliyoimbwa yalikuwa ya wenye nyumba. Siti aliimba Kiarabu, na alikiimba vizuri hata akaitwa kwa masultani na matajiri. Angeweza kukaa huko. Wapo wengi wakishafika kwenye zulia hawaangalii tena nyuma, wala huwezi kuwalaumu, kwa kuwa zulia ni laini na Fumba ni mbali.

Yeye akaiimba taarabu kwa Kiswahili, akaivusha maji. Zamani zile mkono wa bahari uliingia nyuma ya Mji Mkongwe, ukautenga na mitaa ya udongo na makuti. Maji hayo yamekwisha kufukiwa, yamekuwa barabara, ila jina la Darajani limebaki kutukumbusha kwamba watu walivuka. Ng'ambo ndiko walikokaa wapagazi, wapishi, mafundi, wachuuzi, waliokuwa watumwa na watoto wao, watu waliotoka Nyasa, Kongo, Ngazija na mrima, wakijifunza kuitana jirani. Huko nyumbani kwake Siti watu walikusanyika usiku, kikundi kikapiga, na nyimbo mpya zikazaliwa kutokana na yaliyotokea mchana. Nani kadhulumiwa mirathi. Karani gani kala fedha za wajane. Bwana gani mwenye kanzu nyeupe ana siri isiyo nyeupe. Walioleta habari ndio waliokuwa wasikilizaji, na kesho yake ndio walioupeleka wimbo sokoni. Hapo hapakuwa na mstari kati ya jukwaa na mkeka.

Naomba msomaji aitazame tena ile tarehe, 1928. Vitabu vya muziki huiweka tarehe hiyo Bombay. Vitabu vya historia ya mji wa Unguja huiweka Ng'ambo, kwa sababu katika miaka hiyo hiyo wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Vibanda vilikuwa vyao, lakini ardhi chini ya vibanda ilidaiwa kuwa ya wengine, na kodi ilikuwa ikipanda; wakakataa, wakaenda hadi kuwatoa wenzao mikononi mwa dola. Sitaki kusema kwamba Siti ndiye aliyeanzisha mgomo. Hiyo itakuwa kumtwisha kilemba kisicho chake. Nasema tu kwamba watu hawaamki asubuhi moja wakawa na ujasiri wa pamoja. Kuna mahali huwa wamekwisha kukaa bega kwa bega, wamekwisha kucheka pamoja juu ya mkubwa fulani, wamegundua kwamba kila mmoja alikuwa akilijua jambo lile lile na kudhani analijua peke yake. Katika Unguja ya ukoloni, msikiti ulikuwa mahali pa namna hiyo, timu za mpira zilikuwa mahali pa namna hiyo, na sebule ya mwanamke mmoja wa Fumba ilikuwa mahali pa namna hiyo.

Kati ya nyimbo zake, wimbo wa Kijiti ndio unaonirudia zaidi. Ulitungwa juu ya mauaji ya kweli. Mwanamke mgeni, mjamzito, aliyevuka kutoka bara kuja kutembea Unguja, alitoka usiku na mwanamume aitwaye Kijiti kwenda kujifurahisha, na hakurudi hai. Muuaji akakimbia, akavuka bahari. Kesi ikafika mahakamani, na kama wimbo unavyosimulia, mashahidi wawili, wanawake, rafiki wa marehemu, ndio walioangukiwa na hukumu, kwa sababu ya pombe iliyonywewa usiku ule. Fikiria jambo hilo kwa utulivu. Mtu ameuawa, dola imejipanga na majoho yake, na wanaoingia jela ni wale waliokuja kusema walichokiona. Mkono usioweza kuukata, ubusu, ndivyo watu wanyonge walivyofundishwa kuishi. Siti hakuubusu ule mkono. Aliifungulia kesi ile mahakama nyingine, ambayo haikuwa na jela wala karani, akayataja mambo kwa mpangilio wake: nani alikuja, nani alimchukua, nani alitoroka, nani alionewa. Hakupaza sauti kuliko kawaida. Muziki unakwenda kwa utaratibu, hata una raha, na ndani ya raha hiyo umelala msiba na hasira. Hili ndilo lililowachanganya baadhi ya wasomaji wa baadaye, wakauona kama wimbo wa kuonya wanawake wasitembee usiku. Usikilizwe upya. Anayeshtakiwa pale si mwanamke aliyetoka nje.

Jalada la kesi ya namna hiyo hukaa katika makabati, kwa Kiingereza, likingojea mtafiti. Wimbo ulikwenda kwa miguu yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na pale ambapo haki yenyewe haipatikani, angalau jina la muuaji liwe halina pa kujificha. Miaka karibu mia imepita, majaji waliokuwa na mji mkononi hawajulikani hata na wanafunzi wa sheria, na Kijiti bado anajulikana.

Mahasidi walikuwapo. Siti alitungiwa nyimbo za kumkumbusha alikotoka, shamba na kaniki, vyungu na miguu mitupu, na sura yake ikatiwa katika mizani. Naye akajibu kwa wimbo, hoja yake ikiwa kwamba uzuri wa sura na ukoo si kitu mbele ya akili. Wanaoshangaa leo mipasho ya taarabu ya kisasa, wakidai kwamba zamani palikuwa na staha tupu, wangetafuta nyimbo hizo. Mpasho ni mkongwe kuliko kinanda cha umeme. Tofauti, kwa maoni yangu, ni shabaha. Siti aliwahi kujibu watu waliomzidi nguvu, na alipofanya hivyo alikuwa akiwajibia wote walioitwa watoto wa kaniki. Mipasho mingi ya leo hurushwa kati ya walio sawa, shoga kwa shoga, na mwenye nguvu huketi mstari wa mbele akicheka. (Nasema mingi, si yote. Mwimbaji Khadija Kopa akishika kipaza sauti, wakubwa nao hujikagua.)

Shaaban Robert alimwona Siti akiwa mtu mzima, karibu na mwisho wa uhai wake, akamwandikia wasifu. Ni jambo la kushangaza likitazamwa vizuri: mwandishi mkubwa wa Kiswahili wa zama zake, kati ya watu wote ambao angeweza kuandika habari zao, masultani wakiwapo, masheikh wakiwapo, alimchagua mwimbaji asiyekwenda shule, binti wa wafinyanzi. Pengine alimtambua mfanyakazi mwenzake. Wote wawili waliikuta lugha yao ikitumika sokoni na majumbani huku heshima ikitolewa kwa lugha nyingine, Kiarabu huku, Kiingereza kule, na wote wawili walifanya kama kwamba heshima hiyo haihitaji kuombwa. Siti akafariki mwaka 1950, kitabu kikabaki. Ila kitabu nacho kina dakika tatu zake. Shaaban Robert alipenda maadili, na Siti wa kitabuni ni mtu wa mfano mwema kuliko anavyoweza kuwa mtu yeyote aliyewahi kuimba usiku kucha Ng'ambo. Namsoma kwa mapenzi, na bado namtafuta yule mwingine, mwenye ulimi, anayejua habari za mtaa mzima.

Na santuri zenyewe ziliishi maisha ambayo kampuni haikuyapanga. Gramafoni haikuhitaji umeme, ilihitaji mkono tu, kwa hiyo ilifika hata mahali ambapo taa haikufika. Wenye mikahawa waliinunua ili kuvuta wateja, na mtu asiye na rupia ya kununulia santuri aliweza kukaa na kikombe kimoja cha kahawa akamsikia Siti mara tano. Huko Mombasa, Lamu, Tanga, Bagamoyo na ndani bara, habari za mitaa ya Unguja zilisikika na watu ambao hawakuijua mitaa hiyo. Hapo jambo la ajabu likatokea: wimbo ukiondoka kwenye mtaa wake, lawama hupotea njiani na utamu hubaki. Aliyesikiliza Dodoma hakujua ni karani gani. Alisikia mwanamke anaimba kwa lugha anayoielewa, ndani ya kile chombo cha Wazungu na Wahindi, na hilo peke yake likamtosha. Sidhani ilikuwa hasara. Kiswahili kilichosikika kwenye pembe ile kilikuwa ushahidi kwamba lugha hii inaweza kukaa popote. Lakini yale yaliyopotea njiani, yalipotea kweli.

Warithi hakuwakosa. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013 akiwa mkongwe ambaye hakuna aliyejua umri wake kwa hakika, alizichukua nyimbo za Siti akazitia katika sauti yake nzito ya moshi na jua, akazipandisha kwenye majukwaa ya Ulaya na Asia, na Kijiti kikiwamo. Kumbi zilipiga makofi kwa shangwe, watu wakicheza kesi ya mauaji bila kujua. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Kitukuu wa Siti, Siti Muharam, alitoa albamu mwaka 2020, nyimbo zile zile zikiwa zimevishwa ala ambazo bibi yake mkuu hakuziona. Nimeisikiliza usiku, kwa simu, bila mkwaruzo hata kidogo. Ni nzuri. Usafi wake ulinisumbua kwa muda, kisha nikazoea. Si lazima kila kizazi kirithi na vumbi.

Tunahangaika kukusanya santuri, na tufanye hivyo. Zinapatikana kwenye maktaba za ughaibuni, kwa wakusanyaji wenye pesa, chache kwenye maduka kama lile la kichochoroni, na sasa mtandaoni mtoto wa Fumba anaweza kumsikiliza jirani yake wa karne iliyopita akiwa kitandani. Sahani ziko salama kiasi. Kisicho salama ni umbeya. Wimbo wa Siti bila umbeya wake ni barua bila anwani: maneno yote yapo, hujui yalikuwa yakiingia mlango gani. Wako bado wazee, hasa wanawake, ambao mama zao na bibi zao waliketi kwenye ule mkeka na waliwasimulia wimbo upi ulimlenga nani na kwa nini mtu fulani alihama mtaa mwezi ule. Chuo gani hukaa chini na watu hawa na kuandika umbeya huo kwa heshima inayostahili waraka wa serikali? Tungewauliza nani alikuwa karani, na wajane walilipwa au hawakulipwa. Tungewauliza wale mashahidi wawili walitoka jela lini, na nani aliwapokea. Nyumba ilikuwa wapi hasa, na mlango wake ulitazama upande gani. Na huyo Kijiti, aliyevuka bahari na mikono yake ile, aliwahi kuusikia wimbo wake ukipigwa mkahawani, kwenye mji ambao hakuna aliyemjua?